Paulo anawaachia Warumi siku zao, lakini anawakaripia Wagalatia kwa siku hizo hizo: tuelewe nini?

#1 Mpitanjia

Salaam wanajukwaa. Naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa nyuzi nyingi za dini humu huishia kwenye kejeli kabla ya kufika ukurasa wa pili.

Katika Warumi 14:5 Paulo anasema mtu mmoja hufanya tofauti kati ya siku na siku, mwingine huziona zote kuwa sawasawa, na kila mtu athibitike katika akili zake mwenyewe. Katika mstari wa nne amekwisha kuuliza kwa ukali, "Wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine?" Wakolosai 2:16 nayo inasema mtu asiwahukumu waumini kwa vyakula, vinywaji, sikukuu, mwandamo wa mwezi au sabato. Lakini katika Wagalatia 4:10-11 Paulo huyo huyo anawakaripia watu kwa kushika siku, miezi, nyakati na miaka, na anachelea kwamba huenda amejitaabisha bure kwa ajili yao. Yesu naye katika Mathayo 7 anaanza na "Msihukumu", na kabla sura haijaisha anaonya juu ya mbwa, nguruwe na manabii wa uongo tutakaowatambua kwa matunda yao, kana kwamba mtu anaweza kuyakagua matunda bila kuhukumu.

Sababu ya kuuliza ni kwamba kwetu tumezaliwa tumbo moja na tunasali makanisa matatu. Kwenye msiba wa shangazi yetu, aliyekuwa Mkatoliki, jumuiya yake ilipoanza rozari jioni, dada yangu ambaye siku hizi anasali kanisa la kiroho aliinuka mkekani, akaenda kusimama nyuma ya turubai walikokuwa wapishi, akabaki pale mpaka litania ilipokwisha. Aliporudi, kaka yetu mkubwa akamwambia, "Msihukumu, msije mkahukumiwa." Naye akamjibu, "Msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho." Wote wawili walinukuu sawasawa, na hapo ndipo penye shida yangu.

#2 Mla Makande

Mkuu, umeruka jambo la msingi. Dada alipokuwa kule kwa wapishi, alionja pilau au alikuwa amefunga?

#3 Mwalimu Mstaafu

Ndugu Mpitanjia, swali lako lina jibu katika historia, au tuseme lina nusu ya jibu. Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi Rumi karibu na mwaka 49, na Matendo 18:2 inataja kwamba Akila na Prisila walikuwa miongoni mwa waliotoka. Klaudio alifariki mwaka 54, Wayahudi wakaanza kurudi, na wale walioamini wakakuta kanisa limekuwa la watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, wasiojali nyama ipi ni halali wala siku ipi ni tukufu. Waraka kwa Warumi uliandikwa karibu na mwaka 57, wakati ambapo kundi moja lilikuwa likimdharau mwenzake na lile jingine likimhukumu. Ndiyo maana Paulo hasemi tu "usihukumu"; katika mstari wa tatu anaanza na "asimdharau".

Galatia mambo yalikuwa mengine. Kule walikuja walimu waliowaambia watu wa Mataifa kwamba imani yao haitoshi mpaka watahiriwe na kuzishika siku. Kwa hiyo siku ni zile zile, ila Rumi zilikuwa desturi ya mtu aliyelelewa nazo, na Galatia zilikuwa sharti alilotwishwa mtu ambaye hakuwa nazo. Paulo anaivumilia desturi, sharti halivumilii.

#4 Kaka Mlei

Namuunga mkono Mwalimu kabisa. Ndiyo maana Paulo huyo huyo alimtahiri Tito kwa ajili ya Wayahudi, halafu akawaandikia Wagalatia kwamba wakitahiriwa Kristo hatawafaidia neno.

#5 Binti wa Upareni

Kaka Mlei, aliyetahiriwa ni Timotheo, Matendo 16:3, ambaye mama yake alikuwa Myahudi na baba yake Myunani. Tito ndiye ambaye hakulazimishwa kutahiriwa, Wagalatia 2:3. Ukiwaweka hao wawili pamoja, hoja ya Mwalimu inapata nguvu zaidi: kijana mmoja alitahiriwa ili milango ya masinagogi ifunguke, mwingine alizuiwa kwa sababu kuna watu walitaka iwe sharti.

Mimi ni Msabato, kwa hiyo niseme na la upande wetu. Kanisa letu lilifika Upareni mwaka 1903, na toka hapo Wakolosai 2:16 ni mstari tunaotupiwa kila kukicha. Naomba usomwe taratibu. Unasema mtu asiwahukumu kwa sababu ya sabato. Hausemi anayehukumiwa ni yule anayeshika au yule asiyeshika. Bibi yangu alikuwa akipika makande Ijumaa mchana, kuni za Jumamosi zikiwa zimekwisha kupangwa jikoni, na jua likizama tunafungua Sabato kwa wimbo. Majirani wa dini nyingine walimwita mtumwa wa sheria. Kwa mstari huo, aliyekuwa akihukumiwa isivyostahili ni nani kama si bibi? Halafu wapo wafafanuzi wetu wanaosema sabato zinazotajwa hapo ni zile za sikukuu za kila mwaka katika Walawi 23, si ile ya kila juma.

#6 Mwalimu Mstaafu

Binti, asante kwa masahihisho ya Timotheo, na hoja yako ya kwanza ni nzuri. Ya pili ina taabu. Mpangilio huo wa sikukuu, mwezi mwandamo na sabato unaonekana pia katika Hosea 2:11 na 1 Nyakati 23:31, na huko watu wengi wanauelewa kuwa ni mambo ya kila mwaka, ya kila mwezi na ya kila juma. Kama sabato hapo ni ya mwaka, basi sikukuu zimetajwa mara mbili.

#7 Binti wa Upareni

Mwalimu, Walawi 23 yenyewe inaiita Siku ya Upatanisho sabato, mstari wa 32. Kwa hiyo kutajwa mara mbili si ajabu kama unavyodhani. Lakini tukiendelea hivi tutahamia kwenye mjadala wa Jumamosi na Jumapili, ambao tayari una uzi wake humu, na uzi huo umefungwa mara kadhaa na wasimamizi.

#8 Mla Makande

Kwa makande ya bibi nipo tayari kufungua Sabato Alhamisi.

#9 Fundi Saa

Nimewasoma nyote, na nina shaka na ufafanuzi wowote unaofanya kila kitu kiingiane bila kubaki hata uzi mmoja unaoning'inia. Mbona hatutaki kukubali kwamba waandishi walitofautiana? Tazameni nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu. Barua ya mitume katika Matendo 15:29 inaikataza. Paulo katika 1 Wakorintho 8:8 anasema chakula hakituhudhurishi mbele za Mungu, na katika 10:25 anaruhusu kula chochote kiuzwacho sokoni bila kuuliza-uliza. Kisha katika Ufunuo sura ya 2 kanisa la Pergamo na lile la Thiatira yanakemewa kwa kuwavumilia watu wanaofundisha kula vitu hivyo. Kanisa la Thiatira, kwa maneno mengine, linalaumiwa kwa sababu halikuhukumu! Mkristo wa Korintho angehamia Thiatira na tabia yake ileile ya kununua nyama sokoni, angeitwa mfuasi wa Yezebeli, yule mwanamke anayelaumiwa huko kwa kuyafundisha hayo.

#10 Kaka Mlei

Fundi, hapo umemkata Paulo katikati. Katika sura hiyo hiyo ya 10, mstari wa 20 na wa 21, anasema hamwezi kuishiriki meza ya Bwana na meza ya mashetani. Nyama ya sokoni ni ruhusa, karamu ya hekaluni si ruhusa. Yohana wa Ufunuo anaweza kuwa analenga karamu za hekaluni, na zaidi ya hayo ameziweka pamoja na uzinzi.

#11 Fundi Saa

"Anaweza kuwa" ndiyo fundo lenyewe. Ufunuo haitofautishi soko na hekalu, wewe ndiye unayetofautisha kwa niaba yake. Na 1 Wakorintho 8:10 inamtaja mtu mwenye ujuzi aliyeketi chakulani ndani ya hekalu la sanamu, lakini pale Paulo hamlaumu kwa kuketi, anamlaumu kwa sababu ndugu dhaifu atamwona.

#12 Dada wa Mkesha

Bwana asifiwe. Nimesubiri mtu amtetee yule dada wa chapisho namba moja, naona mmeshikwa na nyama. Naomba tusome Warumi 14 mpaka mwisho. Mstari wa 23 unasema kila tendo lisilotoka katika imani ni dhambi. Ikiwa dhamiri ya yule dada inamwambia asishiriki rozari, basi sura hiyo hiyo tunayoitumia kumwambia "usihukumu" ndiyo inayomwamuru ainuke mkekani. Hakumkemea mtu, hakuzima mshumaa, hakusema kwamba marehemu amepotea. Aliondoka kimya. Kaka mtu ndiye aliyefungua kinywa, akamhukumu kwa mstari unaokataza kuhukumu.

Kujitenga na tendo ni jambo moja, kumtia hatiani anayelitenda ni jingine. Mimi sitii kidole kwenye maji ya baraka, lakini jirani yangu Mkatoliki akiniomba nimpeleke misa ya alfajiri wakati mgonjwa wake yuko mahututi, naamka na kumpeleka.

#13 Mama wa Jumuiya

Dada wa Mkesha, nakubali kwamba alinyamaza, ila msibani kuinuka ni kusema. Sisi tulioketi pale tukimsalia marehemu tunajua anayetoka kujibu simu na anayetoka kwa sababu anaona tunaabudu sanamu. Na ukweli ni kwamba huku uswahilini tunahukumiwa kwa rozari, kwa majivu na kwa picha ya Bikira Maria sebuleni. Mtu anaingia nyumbani kwako, anaitazama picha, anakataa soda. Yakobo 4:12 anauliza, wewe u nani umhukumuye mwenzako? Hakuongeza "isipokuwa Mkatoliki".

Hata hivyo nasi tujisemee. Ni wangapi kati yetu wanacheka mkesha wa wapentekoste ukipigwa spika mpaka saa tisa usiku, na wanaponena kwa lugha tunasema ni kelele, wakati 1 Wakorintho 14:39 inatuambia tusizuie?

#14 Mla Makande

Mama, Paulo hakutaja spika.

#15 Pwani Kaskazini

Mnajadili vizuri, lakini ninyi mnazungumza kama watu ambao kwao kuhukumu ni suala la adabu tu. Mimi niko Malindi. Mtaani kwetu kulikuwa na familia iliyowatoa watoto shuleni ikisema elimu ni ya dunia, ikaacha kwenda hospitali, kisha ikaanza kuuza vitu: kwanza kabati, halafu kitanda, mwisho sufuria moja moja, zikiwa zimepangwa barazani kwa bei ya kutupa. Tulinunua. Kila aliyeguna aliambiwa, "Hiyo ni imani yao, wewe u nani hata umhukumu mtumishi wa mwingine?" Walihama. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola hapa kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa zaidi ya miili 400, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya kuaminishwa kwamba wakifunga watakutana na Yesu. Kufunga ni tendo la kiroho ambalo Yesu mwenyewe alilifundisha katika Mathayo 6:16-18, tena alilitaka lifanywe kwa siri, bila watu kujua. Kwa hiyo niambieni, mstari upi ungetupa haki ya kuingia kwenye boma la jirani?

#16 Kaka Mlei

Pole sana, ndugu. Kwa hapo nafikiri huhitaji hata mstari, kwa sababu mtoto anayekufa njaa ni jambo la serikali na la jirani yeyote, awe na dini au asiwe nayo. Jamaa za waliokufa Kanungu kule Uganda, mwaka 2000, mamia ya waumini walipoteketea ndani ya kanisa lao, nao wangesema hivyo hivyo.

#17 Pwani Kaskazini

Kaka, huhitaji mstari wewe. Sisi tulizuiwa kwa mstari, kwa hiyo tulihitaji mwingine wa kuufungua.

#18 Mwalimu Mstaafu

Pwani, upo. 1 Wathesalonike 5:19-21 inaweka yote mawili pamoja: msimzimishe Roho, msitweze unabii, jaribuni mambo yote. Na 1 Wakorintho 14:29 inaagiza manabii wawili au watatu wanene, na wengine wapambanue. Kanisa ambalo nabii hapambanuliwi na mtu yeyote limekwisha kuvunja agizo hilo hata kabla ya kufundisha kosa lolote. Lakini nakubali kwamba mistari hii inawahusu waliokaa ndani ya kusanyiko, na katika 1 Wakorintho 5:12 Paulo anasema kuwahukumu walio nje hakumhusu. Jirani aliye nje ya kanisa hilo anabaki bila mstari.

#19 Mzee wa Monduli

Nami niongeze kisa cha Loliondo, kwa kuwa nilikuwapo kwenye foleni ile mwaka 2011, magari yamejipanga kwa kilomita nyingi kuelekea Samunge, watu wanalala porini wakisubiri kikombe cha dawa cha Babu, Mchungaji Masapila, kwa shilingi 500. Ndani ya gari letu tulikuwa dini mchanganyiko. Mmoja alinywa akisema ni dawa ya mti tu, mwingine akisema ni maono kutoka kwa Mungu, na wa tatu alikuja kumsindikiza mama yake huku akiomba kimoyomoyo asiingiwe na pepo. Wachungaji wengine walikunywa, wengine walihubiri dhidi yake. Tuliorudi tukiwa wagonjwa vilevile tulikuwa na haki ya kuhukumu kwa matunda, lakini wakati wa kunywa matunda hayakuwapo bado. Hili la matunda linachukua muda mno.

#20 Dada wa Mkesha

Mzee, ndiyo maana tunawaambia watu wajihadhari na hawa manabii wa makanisa ya kujianzishia.

#21 Mzee wa Monduli

Dada, Babu hakuwa wa kujianzishia. Mchungaji Masapila alikuwa mchungaji mstaafu wa KKKT, yaani Walutheri, kanisa lenye sinodi, maaskofu na mihuri yote.

#22 Mla Makande

Dada wa Mkesha anaonekana ametoka kusimama nyuma ya turubai kwa wapishi.

#23 Binti wa Upareni

Tukirudi kwenye mada, kuna jozi nyingine ambayo hakuna aliyeitaja. Wanafunzi wanamkuta mtu asiyefuatana nao akitoa pepo kwa jina la Yesu, wanamkataza, na Yesu anawaambia wasimkataze, kwa kuwa asiye kinyume yu upande wao. Hiyo ni Marko 9:38-40. Mathayo 12:30 inasema asiye pamoja nami yu kinyume changu. Mtu angeweza kusema ni waandishi wawili wenye mitazamo miwili, kama Fundi anavyopenda, ila Luka ameyaandika yote mawili, 9:50 na 11:23, na habari zote mbili zinahusu kutoa pepo. Mwandishi aliyeyaweka karibu hivyo hakupitiwa.

Mimi naona la kwanza linasemwa kwa wanafunzi wanaotaka kumzuia mtu mwingine, na la pili kwa watu wanaojiuliza wao wenyewe wako wapi.

#24 Fundi Saa

La pili katika Luka linasemwa kwa watu waliokuwa wakimshutumu Yesu kwamba anatoa pepo kwa Beelzebuli, mkuu wa pepo. Hao hawakuwa wakijiuliza chochote, walikwisha kuamua.

#25 Mseminari wa Zamani

Habari zenu. Nitaongeza mambo mawili ya kanisa la mwanzo, kwa sababu mvutano huu haukuanza na sisi.

Kuna maandiko mafupi yaitwayo Didakhe, mafundisho ya kikanisa ya zamani sana ambayo nakala yake iligunduliwa Konstantinopoli mwaka 1873. Sura ya 11 inasema msimjaribu wala msimhukumu nabii anenaye katika roho, kwa maana dhambi hiyo haitasamehewa. Sentensi inayofuata inasema si kila anenaye katika roho ni nabii, bali yule tu mwenye mwenendo wa Bwana. Kisha vinakuja vipimo: akikaa siku tatu, ni nabii wa uongo, akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Kinachonifurahisha zaidi ni sura ya 8: kufunga kwenu kusiwe pamoja na wanafiki, kwa maana wao hufunga siku ya pili na ya tano ya juma, ninyi fungeni siku ya nne na siku ya maandalio. Yesu alikataza kufunga kwa unafiki, na hawa wakadhani tiba ni kuhamisha ratiba kutoka Jumatatu na Alhamisi kwenda Jumatano na Ijumaa.

Jambo la pili ni Pasaka. Karibu na mwaka 155 Polikarpo wa Smirna alikwenda Rumi, akatofautiana na Askofu Aniketo juu ya siku ya Pasaka. Hakuna aliyemshawishi mwenzake, lakini Aniketo alimpa Polikarpo heshima ya kuadhimisha Ekaristi, wakaachana kwa amani. Miaka ya 190 Askofu Viktor wa Rumi akataka kuyatenga makanisa ya Asia kwa tofauti ile ile. Irenayo wa Lyon, ambaye yeye mwenyewe aliishika Pasaka kama Rumi, alimwandikia kumzuia, akimkumbusha kwamba watu hawapatani hata namna ya kufunga, wengine siku moja, wengine mbili, wengine zaidi, na kwamba tofauti hiyo ya kufunga inathibitisha umoja wa imani.

#26 Mama wa Jumuiya

Siku tatu na asiombe fedha! Hicho kipimo kingefunga nusu ya mabango ya barabarani hapa mjini.

#27 Kaka Mlei

Mseminari, shukrani. Ila kumbuka Irenayo huyo huyo aliandika vitabu vitano dhidi ya Wagnostiki, watu waliodai wokovu kwa ujuzi wa siri, wala huko hakuwaambia kwamba tofauti inathibitisha umoja. Kwa hiyo naye alikuwa na orodha mbili, ya mambo ya kuvumilia na ya mambo ya kupinga, kama Paulo.

#28 Mpitanjia

Nawashukuru nyote. Nikiunganisha, karibu kila aliyejibu ana orodha hizo mbili: desturi na sharti, ndani na nje, tendo na mtu. Kinachonisumbua ni nani mwenye kalamu ya kuandika orodha hizo. Wagalatia hawakuona kwamba wametwishwa sharti, huenda waliona wamepewa desturi nzuri. Paulo ndiye aliyeamua kwa niaba yao. Na katika Wakolosai 2, mistari miwili tu baada ya kusema mtu asiwahukumu, anawahukumu wanaoabudu malaika na kunyenyekea kwa kujitakia.

#29 Fundi Saa

Sasa umefika, mkuu. Ongeza na Wafilipi. Katika 1:15-18 Paulo anasema wapo wanaomhubiri Kristo kwa husuda na fitina, na bado anafurahi kwa kuwa Kristo anahubiriwa. Katika Wagalatia 1:8 anayehubiri vinginevyo alaaniwe, hata akiwa malaika. Msiniambie kwamba aliandika Wagalatia akiwa kijana mkali akapoa uzeeni, kwa sababu katika Wafilipi 3:2, waraka ule ule wa gerezani, anawaita wapinzani mbwa.

#30 Mwalimu Mstaafu

Fundi, katika sura ya kwanza wenye husuda wanahubiri ujumbe uleule kwa nia mbaya. Katika sura ya tatu kuna watu wa tohara, yaani ujumbe wenyewe umebadilishwa. Nia ya mtu Paulo anaiacha, na 1 Wakorintho 4:5 inasema siri za mioyo zitadhihirishwa Bwana ajapo. Mafundisho haachi.

#31 Fundi Saa

Basi mbona Mathayo 6 inashughulika na nia tupu? Anayefunga kwa kukunja uso anafunga vizuri kabisa kwa upande wa mafundisho, na bado anaitwa mnafiki.

#32 Binti wa Upareni

Anaitwa mnafiki na Yesu, Fundi. Wanafunzi hawakuambiwa wapite mitaani wakikagua nyuso, waliambiwa wao wenyewe wajipake mafuta kichwani na kunawa uso.